Bibi Harusi Hajavaa Viatu

Sofu, Kibaha
2 Juni 2024

Mjomba Husseini,

Shikamoo. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana. Miguu yake bado inavimba ikifika jioni, lakini anakwenda dukani na kurudi, na akirudi ananigombeza kwamba wali wangu mgumu, kwa hiyo najua hali yake si mbaya. Dada Hamisa wa Mlandizi amejifungua salama mtoto wa kike. Wamempa jina la Mama, Mwanakheri. Mama anajifanya hajafurahi, ila kila anayepita dirishani anamwambia.

Barua hii anakuletea Jabiri na kirikuu chake cha mizigo, akirudi huko kwenu baada ya kushusha mihogo hapa. Nimekupigia simu wiki nzima. Inaita, hupokei. Ulisema Vihingo mtandao haushiki nami nimekubali, ingawa Jabiri akiwa uani kwako huongea na mkewe mpaka salio limwishie. Meseji nazo ulisema herufi zake ni chawa watupu. Basi naandika kwa herufi kubwa, kama ninavyowaandikia ubaoni watoto wangu wa darasa la tatu.

Mjomba, nimechoka. Naanza na hilo nisije nikalizunguka. Huu ni mwaka wa pili najitolea kufundisha, na ajira haijatoka. Watoto wamejaa darasani mpaka wengine wanaandikia kwenye magoti. Kipindi cha muziki wamenipa mimi kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka. Shule haina hata ngoma moja, kwa hiyo nafundisha kwa kugonga madawati, na mwalimu wa darasa la jirani huja mlangoni kuniuliza kama fujo imekwisha. Lakini kipindi hicho ndicho pekee ninachorudi nacho nyumbani. Mengine yote naacha pale pale shuleni. Nataka kuwa mwalimu wa muziki, wa kusomea.

Diploma yangu inaniruhusu kuomba chuo kikuu, na nimeomba viwili. Kimoja kiko Dar. Huko wanafundisha chombo chako mpaka ukijue barabara, pamoja na nota na mambo ya studio, na yuko mwalimu wa tarumbeta hasa. Ila kufundisha watoto hawakugusi sana, ukimaliza inabidi usomee ualimu upya. Cha pili kiko kaskazini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko unasoma muziki na ualimu kwa pamoja, na wanakupeleka mashuleni kufundisha huku wakikuangalia. Kina mambo yake mengine, nitakueleza siku nyingine.

Aliyenishikisha tarumbeta ni wewe, na kikundi chako cha matarumbeta ndicho kilichonifanya nikubali kwenda kwenye harusi za watu nisiowajua. Basi wewe ndiye wa kuniambia. Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Nimerekodi vitu viwili, kimoja cha kusoma nota, cha pili ni ile yako ya kumtoa bibi harusi ndani. Usaili wa Dar ni mwanzoni mwa Julai. Isikilize kwenye redio yako, kisha uniambie bila kunionea huruma niende wapi. Mama ana maoni yake lakini yanabadilika kila akinywa chai.

Mpwa wako,
Tunu


Vihingo, Kisarawe
27 Juni 2024

Tunu mwanangu,

Marahaba. Na wa alaykum salaam kwa ile salamu uliyoisahau. Ualimu umekuzidi mpaka umeingia ndani bila hodi.

Huku Idi imepita vizuri. Tulichinja mbuzi na majirani, nikapewa mguu, nikala mpaka nikajuta. Tangu mke wangu Bi Tatu atutoke sijazoea kula nyama peke yangu. Mikorosho tumeanza kuipulizia salfa. Mihogo ya bondeni nguruwe pori wameifumua yote, wamebakiza majani kana kwamba wananitania. Nimelima upya kipande kidogo, nikaishia hapo, mgongo haukutaka zaidi. Mwambie mama yako mtoto mwenye jina lake hongera, na yeye aache chumvi.

Majibu yamechelewa kwa sababu gari la Jabiri lilikuwa gereji. Kadi nimeipata. Nimeitia kwenye redio na nimeisikiliza, si mara moja. Umekua, Tunu. Pumzi yako sasa ni ya mtu mzima. Unajua kutua. Unanyamaza kidogo, watu wangoje, kisha unarudi kwa nguvu. Hilo sikukufundisha mimi.

Ya bibi harusi ni nzuri, ila mwisho unaharakisha. Ni tabia yako tangu utotoni. Nilikuwa nakwambia nini? Bibi harusi hajavaa viatu. Mwisho wa ule wimbo haumo kwenye wimbo, uko mlangoni. Unapiga huku unautazama mlango, wakichelewa kumvisha unazunguka tena na tena, na mpaka mguu wake uvuke kizingiti ndipo unafunga. Ukifunga mapema, mtoto wa watu anatoka kimya kimya kama anakwenda sokoni. Huko kwenye usaili usikimbie.

Kuhusu vyuo, nenda Dar. Ni karibu na mama yako na mwalimu wa tarumbeta yupo. Sina zaidi ya hayo. Kuinamia karatasi kunaniumiza mgongo.

Mjomba wako,
Husseini


Sofu, Kibaha
14 Julai 2024

Mjomba,

Assalaam alaykum, nisije nikaambiwa tena nimeingia bila hodi. Shikamoo. Mama mzima. Mtoto wa Hamisa mzima, ananyonya na kulia. Nami niko salama.

Usaili nimefanya. Walikaa watu watatu nyuma ya meza, mmoja anakula karanga. Nilipiga ile ya bibi harusi, na pale mwisho nikafanya ulivyoniagiza, nikazunguka tena, nikazunguka tena. Mama mmoja aliyekaa katikati akaniuliza mbona simalizi. Nikamwambia bibi harusi hajavaa viatu. Wakacheka, lakini kwa wema, na yule mama akaandika kitu. Nilirudi Kibaha nimesimama njia nzima na sikuhisi miguu. Nilikuwa nayarudia maneno yako, yale ya kutua.

Sasa sikiliza lililotokea. Tangu nilipokutumia barua ya kwanza, Mama amekuwa akilalamika kwamba sheikh wake ametoweka kwenye redio, na badala yake wamemwekea mtu anayepuliza. Nilidhani ni uzee. Jumamosi nikaichukua ile redio nikaiwasha mwenyewe, nikakuta anayepuliza ni mimi. Kadi yangu ilikuwa hapa hapa, siku zote. Kadi mbili zilikuwa mezani pamoja, zote nyeusi, nami nilifunga bahasha mbio mbio Jabiri akiwa amewasha gari. Nilichokuletea wewe ni kadi ya Mama. Ni mawaidha ya mirathi, mwanzo mpaka mwisho. Humo hamna hata filimbi.

Kwa hiyo naomba unieleweshe ni sheikh yupi huyo anayeharakisha mwisho.

Siandiki haya ili nikuvunjie heshima. Lakini nimeumia, Mjomba, na sitaki kujifanya. Ungeandika tu kwamba hukupata nafasi, au kwamba umechoka na mambo yangu, ningeelewa. Sote tumechoka. Wewe ukaniandikia maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa juu ya upigaji wangu, na hukuwa umenisikia. Na kwa maneno hayo ulikuwa unanichagulia chuo.

Kuna jambo nilikuficha, nalo nalisema leo kwa kuwa sioni tena sababu ya kulificha. Kule kaskazini hawana mwalimu wa tarumbeta. Nikienda huko nitasoma kinanda na marimba, na tarumbeta itabaki kwenye sanduku lake. Niliogopa utaumia. Wao hawakutaka hata nipige. Walitaka nijirekodi nikiwafundisha watoto wimbo, basi nikajirekodi na darasa langu na madawati yetu, na mwalimu wa jirani anaonekana akichungulia.

Mama anaomba kadi yake.

Tunu


Sofu, Kibaha
25 Agosti 2024

Mjomba Husseini,

Assalaam alaykum na shikamoo. Kadi ya Mama imefika, na sheikh amerudi kazini. Barua haikuwemo. Nimengoja safari zote za Jabiri, na kila akishuka naangalia mfuko wa shati lake kabla sijamsalimu, mpaka sasa anaanza yeye kwa kusema hakuna kitu.

Huku joto limeanza mapema. Mama amekwenda kliniki, wamemwambia apumzishe miguu, yeye akawaambia wampe mtu wa kumfagilia uwanja. Hamisa anasema amchukue Mlandizi nikienda chuoni. Mama hataki, anasema kule kuna mtoto anayelia, na kilio cha watoto alishakimaliza zamani. Kwa hiyo nikiwa darasani nafikiria miguu yake, na nikiwa nyumbani nafikiria darasa. Sijui mara ya mwisho nimefikiria jambo moja ni lini.

Wiki iliyopita Jabiri alikaa kunywa maji, akaanza kunisimulia habari zako bila kuulizwa. Anasema alikukuta shambani umempa mgongo. Akaita hodi. Akaita tena. Akaja mpaka nyuma yako akakugusa bega, ukaruka mpaka jembe likakuponyoka, kisha ukamgombeza kwa nini anatembea kama mwizi. Yeye alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Alipoondoka nilikaa jikoni nikakumbuka mengi. Idi ya mwaka jana ulipokuja hapa ulichagua kile kiti cha pembeni, ukageuza sikio moja ukutani, na kila alichosema Mama ulijibu kweli kabisa. Akakuuliza utakula pilau au wali mweupe, ukajibu kweli kabisa. Tulikucheka nyumba nzima, nawe ukacheka nasi, ila ulichelewa kidogo kuanza. Na simu inayoita bila kupokelewa. Na kule kuacha kikundi ghafla, wakati kila Jumamosi mlikuwa na harusi, ukasema unakwenda kulima.

Sitakuuliza chochote. Nimeandika tu niliyoyakumbuka. Ile barua ya Julai ichome, tafadhali, hasa pale penye sheikh.

Vyuo vyote viwili vimenichukua. Inabidi nithibitishe kimoja kabla ya tarehe ishirini na moja Septemba, la sivyo nafasi zote zinapotea. Wenzangu wananiona nina bahati. Mimi usiku nalala nimekunja ngumi. Dar kuna tarumbeta, na nyumbani ni karibu. Kaskazini kuna kile ninachokitaka, nadhani, na sijui kama ninakitaka sana au nimechoka tu na hapa nilipo.

Safari hii situmi kadi. Nakuuliza kwa karatasi, nijibu kwa karatasi. Ningekuwa mwanao wa kumzaa, ungenipeleka wapi?

Mpwa wako,
Tunu


Vihingo, Kisarawe
8 Septemba 2024

Mwanangu Tunu,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Nimeipokea barua yako nikiwa juu ya paa nabadilisha makuti ya jikoni. Nikaisomea huko huko juu, kisha nikakaa mpaka jua likanishinda. Mikorosho imetoa maua, kama upepo hautaharibu tutapata kitu. Nguruwe wamerudi. Ile barua ya Julai sikuichoma, pale penye sheikh pananichekesha.

Masikio yamekwisha, Tunu. La kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata polepole. Nilisimama karibu na ngoma kubwa miaka yangu yote ya kazi, na ngoma kubwa haina huruma. Mwanzoni nilikuwa sisikii wanawake wakizungumza. Baadaye nikawa sisikii wanaume. Tarumbeta yangu niliendelea kuisikia kwa sababu inatetemesha meno, nami nikajidanganya kwamba yatosha.

Harusi yangu ya mwisho ilikuwa Mbagala. Tulikuwa tunamtoa bibi harusi, wameshachelewa sana, mimi nautazama mlango na kuzunguka wimbo. Akatoka, akaingia garini, nami nikafunga kama inavyotakiwa. Kisha tukaanza wimbo wa kusindikiza. Sijui wenzangu walinyamaza saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilimwona Salumu, yule wa ngoma, ameweka vijiti chini na ananitazama. Watu wanapiga makofi, wanadhani ni madoido. Mwenye harusi alikuwa amesimama mbele yangu anazungumza, huenda alikuwa anaomba dua, na mimi nampulizia usoni. Salumu akaja akanishusha mkono, taratibu, kama unavyomshika mgonjwa. Kesho yake nikawaambia nakwenda kulima. Salumu hakuuliza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Sasa ile kadi. Usidhani niliitupa pembeni. Nilifungulia redio mpaka mwisho, nikalala chali nikaiweka kifuani, spika imegusa mfupa. Nikahisi kitu kinapanda, kinashuka, kinatua. Kinanyamaza, watu wanangoja, kinarudi kwa nguvu. Nikasema alhamdulillahi, mtoto amejua kutua. Machozi yalinitoka, Tunu. Nikairudia siku ya pili na ya tatu. Kumbe namlilia sheikh wa mirathi. Lakini jua kwamba yale ya pumzi niliyaandika kwa kuwa niliyahisi. Ya kuharakisha mwisho ndiyo niliyobuni, maana nakujua.

Na kukwambia uende Dar, hapo nilitaka tu barua iishe upesi kabla hujaniuliza jingine. Hilo si jibu. Jibu ni hili.

Mwaka jana Salumu alinifuata mpaka huku. Kikundi wanakiendesha yeye na vijana, lakini ile ya bibi harusi inawashinda kuizungusha. Wakifika mwisho inawakatikia, na mlango bado umefungwa. Akaniomba nimwonyeshe yule kijana wao wa tarumbeta. Nikashindwa. Nikapiga, kijana akapiga, wakanitazama wote wawili wanangoja niseme wapi amekosea. Maisha yangu yote nimefundisha kwa neno moja: sikiliza. Neno hilo likiondoka sina jingine. Nimebaki na nyimbo kichwani na sina namna ya kumpa mtu.

Wewe unafundisha kwa madawati. Mtoto anaona mkono wako, anagonga, anahisi kwenye mbao. Hujui umeshika nini. Nenda kaskazini, kwa wanaofundisha jinsi ya kufundisha. Wapigaji Dar wapo, wamejaa kila mtaa. Tarumbeta isikusumbue, haina miguu ya kuondoka. Likizo utaikuta.

Mama yako aje kwangu. Mlandizi kuna mtoto anayelia, huku hata akilia mtu sitajua. Kliniki Jabiri atampeleka Kisarawe. Mwambie atazungumza kutwa nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwake atapata mtu asiyemkatiza.

Sijamwandikia mtu mambo haya. Nimechoka kweli kweli, kama niliyebeba mzigo mpaka sokoni nikakuta soko limefungwa. Lakini nimeutua.

Mjomba wako,
Husseini


Sofu, Kibaha
17 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya siku zote nilizokupigia simu.

Nimethibitisha. Kaskazini. Nilibonyeza kwenye simu nikiwa ofisini kwa walimu, watu wanazungumzia mitihani, hakuna aliyejua. Nilidhani nitafurahi. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe na viatu miguuni, na nilipoamka nililia kidogo, kisha nikaosha vyombo. Ndivyo ilivyokuwa. Furaha ikija nitakuandikia.

Barua yako nilimsomea Mama, niliona si vizuri nijue peke yangu. Nilipofika pale penye masikio akaniambia nisome mbele, hilo analijua tangu msiba wa Bi Tatu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kaka yangu hakutaka nijue. Kwa hiyo sikujua." Ndipo nikaelewa kwa nini kila akiongea nawe anakushika mkono kwanza. Mimi nilidhani ni mapenzi tu.

Atakuja kwako. Alikataa siku mbili, kisha nikamkuta anafunga sufuria zake kwenye shuka. Anasema Vihingo ndiko alikozaliwa, hahami, anarudi. Masharti yake ni kiti chenye egemeo, na usimpikie mihogo kila siku. Na sheikh anakuja naye.

Nitamleta mwenyewe mwanzoni mwa Oktoba, na kirikuu cha Jabiri, kabla sijaondoka. Nitakuja na tarumbeta. Sitakwambia usikilize. Utaweka kiganja kwenye mdomo wa tarumbeta, pale sauti inapotokea, na mkono mwingine utauweka mgongoni kwangu, pumzi inapoanzia. Nitapiga ile ya bibi harusi, nawe utaniambia. Kama haitafaa tutatafuta namna nyingine, mbao au debe, sijui. Ni kazi niliyoichagua, basi nianze na wewe.

Naogopa safari, Mjomba. Naogopa baridi ya huko, na kuanza kinanda nikiwa na umri huu, pembeni ya watoto waliotoka shule juzi. Nimeona nikwambie, maana sasa tunaambiana.

Mpwa wako,
Tunu


Vihingo, Kisarawe
20 Oktoba 2024

Tunu mwanangu,

Salaam alaykum. Namwomba Jabiri akufikishie hii kabla hujapanda basi. Mama yako mzima. Amekipokea kiti, amekikosoa, amekikalia. Korosho zimeanza kuanguka na anaziokota akiwa amekaa, kwa fimbo, zilizo mbali ananionyesha kwa kidole.

Siku ile mlipofika niliogopa kukwambia lolote mbele ya watu, na asubuhi ulikuwa na haraka ya gari. Naandika sasa. Nilihisi. Kiganjani inagonga, mgongoni inajaa na kupungua. Nilijua kila ulipopanda na kila ulipotua, na safari hii hakuwa sheikh. Tangu Mbagala sikuwahi kuwa ndani ya wimbo mpaka siku ile. Salumu nimemtumia salamu amlete yule kijana wake, nitajaribu naye namna hiyo hiyo.

Lakini uliniomba nisikuonee huruma. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda khanga mpaka usoni ili atuchekeshe, ameshika fremu, anaupumzisha mguu kabla ya kuvuka. Mimi nilikuwa nautazama mlango, kama kawaida yangu. Tarumbeta ikanyamaza chini ya kiganja changu, na mguu wake ulikuwa bado ndani ya nyumba.

Umeharakisha mwisho. Bibi harusi hajavaa viatu, Tunu. Likizo uje turudie.

Mjomba wako,
Husseini